Ripoti ya asubuhi naongea peke yangu

Shikamoo shangazi. Mimi ni muuguzi, mwezi wa nne huu nimepewa uinchaji, yaani usimamizi wa wodi ya wazazi, kituo cha afya huku mkoani. Kila ripoti ya asubuhi nauliza "kuna la kuongezea?" kimya, halafu nasikia wana grupu la wasapu la wodi nzima mimi simo. Simfokei mtu, tena mimi mtu wa utani sana. Wiki iliyopita mhudumu wa afya alimbadilishia mama aliyejifungua kanga 3 zimelowa damu ndani ya saa moja, hakusema, akaenda kumwambia mwenzie wa kufua! Mama tulimuwahi ila mimi silali. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Grupu achana nalo, kila wodi ina grupu ambalo bosi hayumo, na ukilazimisha kuingia watafungua lingine.

Tuongee kanga. Kigoma kuna utafiti ulitoka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kwamba kanga 2 zikilowa chapachapa hapo damu imeshafika kama mililita 500, chukua hatua. Sasa wako amehesabu 3, kipimo anacho mkononi, na akampelekea wa kufua kwa sababu huko hachekwi. Pengine aliyekutangulia alishamwambia "wewe endelea na deki" na deni hilo umelirithi wewe, ndo uinchaji ulivyo.

"Kuna la kuongezea" ni swali la kufunga kikao, mtu anasikia tawanyikeni. Anza na wahudumu, kabla ya wauguzi, kabla yako, na uliza kitu kinachojibika: usiku umebadilisha shuka kitanda gani, mara ngapi? Akijibu inuka mkamwone huyo mgonjwa pamoja wenzie wakiona. Mara ya kwanza watajibu kwa mkato, vumilia tu.

Theta, chumba cha upasuaji, wana ile orodha ya ukaguzi ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2008, kabla ya kupasua kila mtu anataja jina na kazi yake. Ilijaribiwa hospitali za miji 8 duniani, Ifakara yetu ikiwemo, vifo vikashuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi ni majina tu yaliyofanya hivyo, orodha ina mambo 19, ila mtu aliyeshataja jina lake hapo mdomo umeshafunguka.

Halafu semina. Nani anaenda semina zenye posho hapo kwako? Kama ni wale wale wawili kila siku basi hata ukichekesha vipi watu wameshajua nani ana kwao na nani mgeni, kwahiyo bandika zamu ya semina ukutani. Na huo utani, angalia unamtania nani, maana mhudumu hawezi kukurudishia.

Ila kwanza mtafute huyo dada leo hii. Usimuulize kwanini hukusema, atalia tu. Muulize zile kanga zililowa kiasi gani, akuonyeshe kwa mikono yake.