Aadhibiwe, ila si kila mtu
Mnauliza kama anayejitia hatarini kwa ujeuri na kuwaponza waokoaji ashtakiwe. Mimi nasema ndiyo, lakini awe yule tu aliyeonywa waziwazi akapuuza. Jimbo la Arizona, Marekani, lina sheria ya namna hiyo: ukikwepa kizuizi ukaingiza gari kwenye barabara iliyofurika, unaweza kudaiwa gharama za kuokolewa. Hapo ubishi wa nini? Kizuizi umekiona na usukani umeukata mwenyewe! Kazi ipo kwa wapanda milima, maana uzembe wao si rahisi kuupima. Wakiogopa kesi watachelewa kupiga simu mpaka giza liingie, halafu mwokoaji ndiye ateremke korongoni usiku na taa kichwani. Hao watozwe faini tu. Jela hapana, labda kama mwokoaji amekufa.