Theluthi mbili ya mafuta ya Turkana itabaki kwa nani?

SWALI: Mwalimu, habari za Nakuru? Mimi ni fundi wa pampu za visima hapa Kondele, Kisumu. Kwenye kibanda cha chai jamaa mmoja alisema kwamba hata Lokichar, kule Turkana, ikichimbwa miaka na mikaka, huenda theluthi mbili ya mafuta ikabaki chini. Wenzangu wakaangua kicheko: hizo ni hesabu za kupikwa ili wakubwa wale. Kitu kisichoonekana kinahesabiwaje? Tena binti yangu yuko kidato cha nne na anapenda hesabu. Aanzie wapi?

JIBU: Ulaji upo nchini, ndugu yangu, sikatai. Ila huu si mmojawapo. Duniani kote, kutoa theluthi moja hivi ya mafuta yaliyomo ni jambo la kawaida.

Wenzako wanafikiria ziwa, kwamba bomba litashuka, lifyonze mpaka likauke. Kule chini kuna miamba ya mchanga, na mafuta yamo ndani ya vitundu vyake. Chukua mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Tuseme vitundu ni asilimia 20 (nambari hizi nimezichagua mimi, si vipimo vya Lokichar). Hizo ni lita 200. Maji ya tangu zamani yamekalia 60, mafuta 140. Sasa tunayasukuma mafuta kwa maji. Mpango wa Turkana wenyewe umekuwa kuyavuta kutoka bwawa la Turkwel. Hata maji yanakopita vizuri, matone ya mafuta hunaswa vitunduni. Tuseme lita 50 zimekwama, zimebaki 90 za kutoka. Lakini maji ni mepesi kutiririka kuliko mafuta, hivyo hufuata njia rahisi na kuwahi kisimani, sehemu nyingine zisiguswe. Yakipita nusu tu ya mwamba, umepata lita 45 kati ya 140. Haifiki theluthi, na hakuna aliyeiba.

Kanuni ya mtiririko huo ndani ya mwamba ni ya Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, aliyechapisha mwaka 1856 majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga. Tofauti ya presha ikiongezeka, mtiririko huongezeka. Njia ikirefuka, hupungua. Baadaye mnato, yaani ugumu wa kutiririka, uliingizwa waziwazi kwenye hesabu: kimiminika chenye mnato mara 10 hutoka moja ya kumi kwa presha ile ile. Halafu kuna mwamba wenyewe, unapitisha kwa urahisi gani? Hilo unalijua kuliko mimi, maana umeshaona kisima kinachotoa maji siku nzima na cha jirani kinachokohoa.

Kompyuta huugawa mwamba katika vipande vya kufikirika, maelfu au hata mamilioni. Kwa kila kipande, kilichoingia ukitoa kilichotoka ni sawa na kilichoongezeka. Milinganyo hiyo yote hukokotolewa pamoja, kisha saa inasogezwa mbele kidogo, inaanza tena.

Hapo sina shida. Shida yangu ni hatua inayofuata. Mwamba ulio kati ya visima viwili hakuna aliyeushika, kwa hiyo wataalamu hukisia, wakalinganisha modeli, yaani huo mwamba wa kwenye kompyuta, na presha na mafuta yaliyokwisha kupimwa, wakarekebisha makisio mpaka vilingane. Modeli mbili tofauti kabisa zinaweza kuyaeleza vizuri yaliyopita, kisha zikakosana vibaya kuhusu miaka 20 ijayo. Na Turkana yaliyopita ni machache. Mafuta yaligunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia-1, yakatolewa kwa majaribio na kupelekwa Mombasa kwa malori kuanzia 2018, katika matangi ya kuhifadhi joto kwa kuwa yana nta na huganda yakipoa. Shehena ya kwanza ilisafirishwa nje Agosti 2019. Kwa hiyo mtu akikutajia nambari moja ya mapipa, bila kiwango cha chini na cha juu, hapo wenzako wana haki ya kuguna.

Binti yako ashike fizikia na hesabu, hasa kalkulasi, kisha ajifunze kuandika programu. Mwamba wa vipande 50 vilivyopangwa mstari mmoja hukokotolewa na kompyuta yoyote ya kawaida. Asiogope kwamba mafuta yataisha akose kazi: huku kwetu, mvuke wa jotoardhi wa Menengai nao hupita kwenye mwamba kwa kanuni ile ile ya Darcy.