Vijana wa fildi, msikimbilie kuipiga seva upya

Juzi kijana wa fildi kanipigia saa mbili usiku, sauti kama ya mtu aliyezamisha mtumbwi wa watu. Seva ya Ubuntu, kompyuta kuu ya ofisi, imegoma kuwaka baada ya apgredi. Namuuliza kioo kinasema nini, ananijibu: "Kaka, ni maandishi meupe tu, mengi. Flashi ninayo hapa, niipige upya?"

Aipige upya, yaani afute yote aweke mfumo mpya! Seva ina hesabu za watu za miaka, na bakapu ya mwisho hajui iko wapi. Huyu ni wa tatu mwaka huu hapa Kigoma, na kila mmoja anadhani kagundua ugonjwa mpya. Haya, someni.

1. Anzeni na menyu ya GRUB, programu inayochagua mfumo wa kuwasha. Kwenye seva nyingi za Ubuntu imefichwa, kwa hiyo mashine ikianza shikilia Shift kama programu inayoiamsha ni BIOS ya kizamani, au gonga Esc kama ni UEFI ya kisasa. Ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua keneli, yaani kiini cha mfumo, ya kabla ya apgredi. Mara nyingi inawaka. Basi, ndiyo dawa yenyewe, inachukua dakika mbili. Mimi ilinichukua usiku mzima, na hapo ndipo penye hadithi.

2. /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia, ikijaa, apgredi inakudanganya. Niliitwa duka moja la jumla, Mwanga hapa mjini, Ijumaa jioni. Naam, Ijumaa, msinicheke. Nikaanza kuipandisha seva yao kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04 huku nikila migebuka kwa mkono mmoja. Kwenye yale maandishi yanayokimbia niliona "No space left on device", yaani nafasi imekwisha. Niliiona kabisa! Nikajiambia ni mambo madogo, nikawasha upya.

Kernel panic. VFS, unable to mount root fs. Maana yake, kwa ninyi mnaosoma nusu: keneli mpya imeingia, lakini initramfs yake (kifurushi kinachoisaidia kuifikia diski) haikupata nafasi ya kuandikwa kwenye /boot, kwa hiyo keneli inaamka haina wa kumfungulia mlango wa diski. /boot ilikuwa na ukubwa wa megabaiti mia tano hivi, imejaa keneli za tangu enzi za fundi aliyenitangulia.

Nikachukua flashi, nikawasha nayo, nikapachika diski ya seva kwenye /mnt, nikafunga /dev, /proc na /sys kwa bind, nikaingia ndani ya mfumo wa diski hiyo kwa chroot kama mtaalamu. Nikapiga update-initramfs kuiandika upya. Ikanung'unika kidogo, ikamaliza. Nikachomoa flashi, nikawasha. Panic ileile. Nikarudia. Panic. Saa saba usiku mlinzi akaniletea kahawa, akauliza kama mashine imekufa. Nikamwambia inapumua. Nikarudia mara ya tatu, safari hii kwa hasira, kana kwamba kompyuta inaogopa hasira.

Umeme nao ukakatika. Tukawasha jenereta.

Alfajiri, tajiri yuko mlangoni: wateja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, wanataka ankara zao, maboti yanaondoka bandari ya Kibirizi. "Fundi, mwanangu, vipi?" Nikasema bado kidogo, mzee. Nikatoka nje kumpigia kaka mmoja wa Tabora aliyenifundisha kazi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Akakaa kimya, kisha akauliza maswali mawili. "/boot ni patisheni yake peke yake?" Ndiyo. "Uliipachika kabla ya chroot?"

Sikuipachika. Usiku kucha nilikuwa naandika initramfs kwenye folda tupu iliyo chini ya mahali inapopachikwa /boot, sehemu ambayo GRUB haiangalii kabisa. Halafu akaongeza, kwa upole unaouma: "Na keneli ya zamani ulijaribu?"

Nikaichagua, ikawaka mara ya kwanza. Nikafuta keneli kuukuu mbili kwa apt purge (angalia keneli inayotumika kwa uname -r kwanza, usifute uliyoikalia), nikapiga dpkg --configure -a kumalizia apgredi, kisha update-initramfs na update-grub, na saa mbili asubuhi ankara zikatoka. Lile faili nililoandika gizani nina hakika lipo mpaka leo chini ya /boot, linakula nafasi. Aibu imenizuia kurudi kulifuta.

3. Pigeni df -h /boot, mwone imejaa kiasi gani, kabla ya apgredi, kila mara.

4. Kama mashine inasubiri sekunde 90 halafu inaishia emergency mode (hali ya dharura), tazama /etc/fstab, orodha ya diski za kupachika: bosi kaondoka nyumbani na diski ya nje ya bakapu, na wewe hukuweka nofail, neno la kuiambia iendelee diski ikikosekana.

5. Apgredi kwa SSH, yaani ukiwa mbali kwa mtandao, ifanyeni ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi hata mkikatika. Bando likikata, kazi inaendelea. Umeme ukikata ni habari nyingine, kwa hiyo betri ya UPS, ile ya akiba ya umeme, ijaribuni siku ambayo hamna haraka.

6. Kutoka Ubuntu 20.04 hamrukii 24.04. Mnapita 22.04, hata kama tajiri ana haraka.

Yule wa juzi nilimwambia agonge Esc. Baada ya dakika kadhaa simu ikaita tena, anacheka: "Kaka, imewaka! Sasa niizime niiwashe tena, tuone kama imepona?"

Nikamwambia aondoe mkono, asiguse chochote, anisomee kwanza df -h /boot. Akasoma taratibu. Asilimia 100.