Mbunge wangu aliitika nini? Maswali yenu

Mbunge wetu amemaliza miaka mitano. Nitajuaje amepinga chama chake mara ngapi? (Msomaji, Iringa)

Kwa miswada mingi ya Bunge la Tanzania, hutajua. Anayeongoza kikao hutaka wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi ukaitika. Wasioafiki waseme siyo. Zinasikika sauti mbili tatu kutoka nyuma. "Nafikiri walioafiki wameshinda." Basi, muswada umepita, na hakuna aliyeandika wa kwenu alitoa sauti gani. Hili linaniuma kuliko yote nitakayoyajibu leo, maana kura isiyo na jina haina wa kuulizwa. Anzia kwenye bajeti kuu: hapo wabunge huitwa jina mojamoja na kila mtu hujibu akisikika.

Mbona kwenye bajeti ni nadra mbunge wa chama tawala kusema hapana?

Soma ibara ya 90 ya Katiba: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kisha soma ya 71: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge nao umekwisha. Na mgombea binafsi haruhusiwi. Mtu aliyefungwa kamba hizo zote simwiti mwoga. Nataka kamba zilegezwe.

Kuna nchi jirani ambako mbunge alifukuzwa chama akabaki na kiti?

Ipo, Uganda. Mwaka 2013 NRM, chama tawala cha huko, iliwafukuza wabunge wanne, akiwamo Theodore Ssekikubo. Mahakama ya Katiba ikasema viti vyao viko wazi. Wakakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kufukuzwa si sawa na kuhama chama kwa hiari, hivyo viti ni vyao. Desemba 2017, kura ya kuondoa ukomo wa umri wa rais ilipita kwa 315 dhidi ya 62, na miongoni mwa hao 62 walikuwamo wabunge wa NRM yenyewe.

Anayepinga chama kila mara si msaliti?

Jeremy Corbyn wa Uingereza alipiga kura dhidi ya chama chake cha Labour zaidi ya mara 400 kikiwa madarakani, kati ya 1997 na 2010. Wapiga kura wake waliendelea kumrudisha, na mwaka 2015 chama hichohicho kikamchagua kiongozi. Hesabu hiyo tunayo kwa sababu kule jina la kila mbunge anayepiga kura bungeni huandikwa. Wa kwenu akija jimboni, mtajie muswada mmoja umuulize: siku ile uliitika nini?