Kizuri hakikujiuza stendi ya Mtwara

Kuna methali iliyonitia hasara miaka miwili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikuwa nabangua korosho nyumbani Magomeni, hapa hapa Mtwara, nachagua nyeupe na nzima, nazikaanga kwa chumvi kidogo, nikiamini zitajiuza zenyewe. Alfajiri, kabla mabasi ya Dar hayajaondoka, kijana wangu anazunguka madirishani na vipakiti vya shilingi elfu mbili. Siku nzuri anamaliza sinia. Siku mbaya anarudi nazo na mimi namfokea: hujui kuuza.

Alikuwa anajua sana. Yule angeweza kumuuzia korosho mtu wa Tandahimba, wilaya ya wakulima wa korosho. Asubuhi moja akanijibu: "Dada, korosho hawazikatai. Wanasema wanapeleka zawadi. Sasa mtu atampaje mkwewe kipakiti kama cha karanga?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa mauzo na masoko ni kazi mbili. Kuuza kunafanyika dirishani: kutaja bei, kubembeleza, kurudisha chenji kabla dereva hajakanyaga mafuta. Masoko yanafanyika siku nyingi kabla ya hapo: nani anasafiri, anambebea nani, anataka kiasi gani, kwenye mfuko gani, na akimaliza atakupata wapi. Neno lenyewe linatupoteza. Taja "afisa masoko" hapa kwetu, wengi watamfikiria mtu wa ushuru wa meza.

Nadhani sisi wa Kusini tuna sababu nyingine ya kuchanganya. Stakabadhi ghalani ilianza kwetu msimu wa 2007/2008: unapeleka magunia ya korosho ghafi chama cha msingi cha ushirika, yanakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, wewe unasubiri kusikia bei. Mfumo una faida zake, sibishi. Ila haukufundishi kumjua mlaji. Mazoea hayo ya kusubiri niliyahamishia kwenye korosho zilizobanguliwa, ambazo hazina mnada.

Basi wiki nzima nikakaa stendi siuzi, nauliza tu. Mwenye njaa ya safari kipakiti kilekile kinamtosha. Wa zawadi anataka nusu kilo, kwenye mfuko unaosimama, wenye lebo inayosema zimetoka Mtwara, maana huko aendako ndiyo sifa yake. Na vile vipande nilivyokuwa nawagawia watoto wa jirani, kumbe kuna mama anayeoka keki Shangani anavitafuta, na anachukua kwa kilo. Korosho ni zilezile, lakini nilikuwa nazipeleka zote kwa mtu mmoja. Kuhusu vifungashio, nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ukaulize. Mimi nilichelewa kwa kuona haya tu.

Nikaja kukosea upande wa pili. Nilinogewa na picha za WhatsApp, watu wakawa wanauliza bei mchana, mimi nawajibu usiku nikishapumzika. Wengi walikuwa wameshanunua kwingine. Biashara matangazo, sawa, lakini tangazo halipokei simu. Siku hizi simu anashika yule kijana, kwa sababu yeye ndiye anayejua kumfikisha mtu kwenye malipo.

Kwa hiyo kabla hujamfukuza muuzaji wako, tazama kinachotokea. Watu wakisimama, wakauliza, kisha wakaondoka, kagua bei yako au ulimi wa muuzaji. Asiposimama hata mmoja, muuzaji hana kosa. Wewe ndiye hujajua unamuuzia nani.

Na ukifika kwenye lebo, usichapishe nyingi kwa mkupuo. Mimi nilichapisha 500, nikazileta nyumbani kwa furaha, nikabandika karibu zote. Mteja wa kwanza wa Dar alipojaribu kunipigia ndipo tukajua namba ya simu imepungua tarakimu moja.