Randa kuukuu yenye kutu: mimi kutu siiogopi

Mkuu, umeuliza kama uichukue ile mashine ya randa, ya kusawazisha mbao, iliyokaa bandani miaka, meza imejaa kutu na mota inanguruma bila kuzunguka. Mimi ningeenda kuitazama, na ningebeba tochi, rula ndefu ya chuma na nyundo ndogo.

Kutu inawakimbiza wanunuzi, nasi wenye mfuko mwembamba hapo ndipo tunapopatia. Ile ya juujuu niliikwangua kwa wembe uliolazwa, kisha nikasugua kwa msasa laini na mafuta mepesi. Vifaa vidogo niliviloweka kwenye siki usiku kucha, nikasuuza kwa maji yenye magadi, nikakausha na kupaka mafuta papo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya huku unakitazama. Grinda usiisogeze kabisa kwenye meza. Itachimba mabonde.

Ninachoogopa ni ufa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa, nikalipa bila kuuliza mara mbili. Nilipokwangua rangi nikakuta mkono unaobeba meza umepasuka na kuzibwa kwa gundi. Mkono huo ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, nacho ni kigumu kuchomelea. Kisipopashwa moto na kupozwa polepole hupasuka tena pembeni mwa kiungo. Ile mashine niliishia kuichuna vipuri. Siku hizi nagonga kila mahali: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Bolti nazo huweza kuififisha sauti, kwa hiyo tochi nayo ifanye kazi yake.

Halafu hesabu vinavyokosekana. Reli ya kuegemezea mbao au vibanio vya visu vikiwa vimepotea, unaweza kuvitafuta mwaka mzima. Beringi hazina shida hiyo, namba imechorwa ubavuni: 6204 ni ya shafti ya milimita 20, 6205 ya 25, na hutumika kwenye mashine chungu nzima. Chukua zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, vumbi la mbao halina huruma. Ukiipachika kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu. Mimi nilipiga ya nje, beringi mpya ikaanza kukwaruza kabla hata sijawasha umeme.

Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota ianze kuzunguka) imekufa, au beringi zimeganda. Chomoa umeme, toa mkanda, zungusha puli kwa mkono: ikizunguka laini, shuku kapasita, na uimalize chaji, yaani umeme uliobaki ndani yake, kabla ya kuishika. Soma pia kibati cha mota. Kama ni ya fezi tatu (nyaya tatu zenye umeme) na kwako umeme ni wa fezi moja, gharama ya kubadili umeme iingie kwenye hesabu kabla hujataja bei.

Kingine, na hapa sitanii: kile kichwa kinachoshika visu kikiwa cha mraba badala ya mviringo, mashine hiyo iache hata ukipewa bure. Nafasi kati ya kichwa hicho na meza ni pana, mkono ukiteleza huvutwa ndani.

Weka picha ya kibati na ya hicho kichwa tuone.