Anayayusha betri uani apate chubwi, na mtoto anatambaa hapo hapo

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Mume wangu mvuvi, tupo Wete. Anavunja betri mbovu za gari anayayusha ile risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, jiko la uani apate chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Mtoto wetu ana mwaka na nusu, anacheza pale pale. Kila akimaliza nampa mtoto maziwa, yanatosha kutoa sumu? Mbona yuko mzima tu?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Maziwa hayatoi risasi iliyokwishaingia. Mpe, ashibe, mana tumbo tupu na upungufu wa chuma na kalsiamu ndo hufanya mwili uifyonze zaidi, lakini si dawa.

Kinachonitisha zaidi ya moshi ni vumbi. Linatua uani, kwenye mkeka, kwenye nguo za baba yake, mtoto anatambaa kisha mkono mdomoni, na kiwango kile kile akimeza yeye mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 kuliko mkubwa. Mwili unaidhania kalsiamu, unaipeleka kwenye ubongo na mifupa, na kwenye mifupa inakaa miaka.

Kuhusu kuwa mzima, dada yangu, ikiwa kidogo kidogo haina homa wala kutapika. Inapunguza akili na utulivu, halafu akifika skuli anaitwa mzito, anapigwa, na hakuna atakayekumbuka lile jiko. Ikiwa nyingi ni degedege na kifo. Thiaroye-sur-Mer, Dakar, kule Senegal, watu walikuwa wanashughulika na betri majumbani hivi hivi, baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 wakafa watoto 18, na mwanzo hata madaktari hawakujua ni maradhi gani.

Kwa hiyo mumeo aache leo, na asihamishie kwa jirani, kule nako kuna watoto. Chubwi anunue zilizokwisha tengenezwa au atumie mawe. Uani usifagie pakavu, mwagia maji kwanza, ule udongo wa juu karibu na jiko utolewe, nguo zake zifuliwe mbali na za mtoto. Ukiwa na mimba usikaribie kabisa, inapita mpaka kwa aliye tumboni. Na wanja wa manga usimpake mtoto, baadhi yake una risasi nyingi mno.

Kipimo ni damu ya mshipa. Risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondoshwe, ikifika 45 anapewa dawa ya kuitoa. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ukifika hospitali usingoje kuulizwa, waambie wazi kama nyumbani kunayayushwa betri, mana mtoto akionekana hana damu tu wataandika vidonge vya chuma mkarudi kwenye uani ule ule.